Bei ya Ukombozi Wetu Ililipwa kwa Nani?

Kila Dominika twasikia kanisani kwamba Yezu Kristu ni Mkombozi wetu. Neno hili wazee wetu walilijua kabla ya kulikuta katika katekismu. Mtu aliyeweka jembe lake rehani hulikomboa kwa kulipa deni. Na katika nchi za Tanganyika, siku za biashara ya watumwa, mtu aliyetekwa alikombolewa kwa mali. Wamisionari wa Afrika, waliokabidhiwa kituo cha Mpala mwaka 1885, waliwakomboa watumwa, na hasa watoto, kwa vitu vya biashara. Mtoto wa namna hiyo hakuhitaji kufafanuliwa neno: jana alikuwa mali ya mtu, leo yu huru.

Lakini mwenye kufikiri atauliza: Bwana wa mtumwa alipokea mali yake. Je, bei ya damu ya Yezu ilipokewa na nani? Swali hili si utundu. Anayelijibu vibaya aweza kumdhania Mungu kuwa mdai mkali asiyetulia mpaka aone damu.

Origene, mwalimu wa karne ya 3, aliwaza kwamba aliyelipwa ni Shetani, kwa kuwa ndiye aliyetushika. Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, katika karne ya 4, alikataa kabisa. Mnyang'anyi hana haki ya kulipwa kwa kitu alichonyang'anya. Wala Gregori hakukubali kwamba Mungu Baba alipendezwa na damu ya Mwanawe, Yeye aliyemzuia Abrahamu asimchinje Isaka.

Mtakatifu Anselmo, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimaliza mwaka 1098 kitabu kiitwacho Cur Deus Homo, yaani Kwa nini Mungu alijifanya mtu. Alieleza hivi: Dhambi yamnyima Mungu heshima iliyo haki yake. Mwenye deni ni mwanadamu, naye hana la kulipa, maana vyote alivyo navyo ni vya Mungu tangu awali. Awezaye kulipa ni Mungu tu. Apaswaye kulipa ni mtu. Kwa hiyo alihitajiwa mmoja aliye Mungu na mtu pamoja.

Katika karne ya 13, Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliongeza jambo kubwa. Mungu angaliweza kutusamehe bila malipo yoyote, wala asingalimdhulumu mtu. Lakini alichagua njia hii iliyotufaa zaidi. Tena, kulipa kosa maana yake ni kumpa aliyekosewa kitu anachokipenda kuliko alivyolichukia kosa lenyewe. Basi kilichompendeza Baba si maumivu ya Mwanawe, bali ni upendo na utii aliokuwa nao katika maumivu yale.

Jambo hili twaweza kulifahamu kwa desturi zetu. Mtu akimkosea jirani, jamaa yake hupeleka mbuzi, nao hula pamoja. Aliyekosewa hakuwa na njaa ya nyama; alitaka udugu urudi. Hata hivyo msalaba wapita desturi hii, kwa maana hapa aliyekosewa ndiye aliyemtoa mbuzi katika zizi lake mwenyewe, akatuletea mlangoni, sisi wakosaji tusio na kitu. Hatukumlainisha Mungu ili atupende. Alitupenda kwanza, ndipo akamtuma Mwanawe.

Wengine husema: "Ikiwa Kristu amelipa yote, mbona padri hutupa malipizi katika Kitubio?" Mtaguso wa Trento ulijibu mwaka 1551 kwamba malipizi yetu yapata nguvu yake yote katika Kristu. Hatuongezi kitu juu ya bei yake. Yule mtoto aliyekombolewa alikuwa huru kweli, lakini kovu za kamba zilibaki shingoni, na woga wa utumwa ulibaki moyoni. Ilimpasa kujifunza kuishi kama mtoto wa nyumbani. Ndiyo kazi ya malipizi: kuponya kilichoharibiwa na dhambi.

Kwa hiyo mtu aliyeiba mihogo ya mjane asidhani kwamba Salamu Maria tatu zimemwondolea wajibu wa kuirudisha. Na baba aliyemtukana mkewe mbele ya watoto asitosheke na kuungama kwa siri. Aseme neno la amani mbele ya watoto walewale. Naye mwenye kukosewa asidai mpaka mwenzake adhalilike. Mwenye heri Anuarite, binti wa nchi yetu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, naye alimsamehe aliyemwua kabla huyo hajaomba msamaha. Kanisa lilimtangaza Mwenye heri mwaka 1985. Huyo alielewa wokovu kuliko wengi wetu tuliosoma vitabu.

Wazazi, jioni hii kabla ya sala ya pamoja, mjiulize kama yuko ndugu au jirani anayewadai amani. Kama yuko, msingoje aje yeye. Mungu hakungoja.