Tunakariri Pavlov, tunapiga mbwa

Najua nilipotea kidogo, nilikuwa likizo nyumbani Kigwa, huko Uyui, Tabora, kwenye ile barabara ya kwenda Itigi. Nimerudi chuo juzi na leo nina la moyoni. Najua wengine litawaudhi, lakini poa tu, bora tuudhiane halafu tuelewane.

Kilichonikera ni hiki. Jana jioni tulikuwa kimbwetani na diskasheni ya saikolojia ya elimu. Mshkaji mmoja akamwaga Pavlov vizuri kabisa: Mrusi, mbwa, mlio, mate, tuzo ya Nobel 1904. Akaja Thorndike na paka wake, akamalizia na Skinner na panya wake. Desa lote kichwani! Tulipofunga madaftari nikawasimulia habari za mbwa wetu wa nyumbani, na mshkaji yule yule akasema, "Bwana wee, mbwa bila kipigo hafugiki, ni kama mwanafunzi tu." Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka, na sababu yake ndiyo hii.

Mbwa wetu anaitwa Hayawahusu. Jina alimpa mjomba, si mnajua kwetu jina la mbwa ni ujumbe kwa majirani. Aliletwa ndani ya boksi, hata mwezi mmoja na nusu hajafikisha, na mimi nikiwa kidato cha tatu ndiye niliyepewa kazi ya kumfundisha adabu. Nikamfundisha kama nilivyofundishwa mimi. Akikojoa barazani, namshika shingo namgandamiza pua pale pale, kisha fimbo. Akitafuna ndala, fimbo. Nikimwita akachelewa, akifika tu, fimbo. Jirani mmoja akasema nimlishe pilipili ili awe mkali, nayo nikamlisha. Baba akawa ananisifia, eti mbwa huyu ana adabu, kwa sababu akiniona tu anajikunja chini, mkia katikati ya miguu. Hofu ile sisi tukaiita adabu.

Sasa likizo hii mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano, alitoka jikoni na mwiko wenye ugali uliogandia, akamnyooshea Hayawahusu alambe. Mtoto alikuwa ameshika chakula. Mbwa aliona fimbo. Akamng'ata mkono.

Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, mtoto analia, mama analia, halafu tukapanda pikipiki mpaka Tabora mjini kwa chanjo. Na hapa naomba msinichukulie poa: kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, karibu kila mtu hufa. Chanjo inaokoa ikiwahi. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 99 hivi ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na karibu asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Hayawahusu tukamfunga, tukamwangalia siku 10. Siku zikaisha akiwa mzima, anakula, anakunywa maji. Hakuwa na kichaa. Alikuwa anakumbuka tu.

Majirani walitaka apigwe mawe afe. Nilikaa kimya, maana aliyestahili kuulizwa maswali ni mimi.

Wadau, hebu turudi kwa huyo huyo Pavlov tunayemkariri. Mbwa wake walisikia mlio, chakula kikafuata, mwishoe mlio peke yake ukawatoa mate. Sasa kama mlio unaweza kugeuka kuwa chakula kichwani mwa mbwa, mkono ulioinuliwa unashindwaje kugeuka kuwa maumivu? Mimi nilimfundisha Hayawahusu somo zuri sana na akafaulu: kitu chochote kirefu mkononi mwa mtu ni hatari. Skinner naye alishasema adhabu hukandamiza tabia kwa muda tu, haimwonyeshi mwanafunzi afanye nini badala yake. Ukimpiga mbwa kwa kukojoa barazani, hujamwambia akojoe wapi. Atajifunza kukojoa ukiwa haupo, basi.

Na kile cha kumwita halafu kumpiga ndiyo ujinga wangu mkubwa kuliko wote. Mbwa huunganisha jambo na kilichotokea sekunde ile. Amekuja nilipomwita, amepigwa. Kwa hiyo kuja ndilo kosa! Halafu tunashangaa mbwa haitiki.

Njia nyingine ipo na haina gharama ya kumaliza bumu. Mtoto wa mbwa aachwe na mama yake mpaka wiki ya 8, maana kwa mama na ndugu zake ndipo anapojifunza kung'ata kwa kiasi. Kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 14 ndipo anapozoea dunia, hivyo azoeshwe watoto, wageni, kuku, mbuzi na pikipiki, taratibu, bila kutishwa. Kukojoa? Mtoe nje akiamka tu, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na akikojoa mahali panapotakiwa mpe kipande cha dagaa hapo hapo, si baada ya dakika tano. Anatafuna ndala? Ondoa ndala, mpe mfupa. Anang'ata vidole mkicheza? Mchezo uishe, ondoka. Anarukia watu? Mgeuzie mgongo, akitulia ndipo msalimie. Akiitwa akaja, hata kama amechelewa, afurahiwe. Na msimfunge mnyororo kutwa nzima halafu mtegemee awe na akili timamu.

Najua mtaniambia huo ni uzungu. Haya, twende Morogoro. Pale SUA shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya! Tena wanaowafundisha ni Watanzania wenzetu. Panya akifanya sawa anasikia mlio mdogo, anapewa ndizi au karanga. Mmoja wao, Magawa, alikwenda Kambodia akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza. Kama panya ameweza kuokoa maisha ya watu kwa ndizi, mbwa wa Kigwa anashindwaje kuacha kukojoa barazani kwa dagaa?

Mwingine atasema mbwa wa ulinzi lazima awe mkali, siyo apakatwe sebuleni. Nani kasema sebuleni? Kwetu mbwa analala uani, analinda mbuzi, anafukuza ngedere shambani, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini mbwa aliyejaa hofu hachagui mwizi. Anamng'ata anayemfikia, na anayemfikia kirahisi ni mtoto wa humo humo ndani. Halafu kuna wazee wa "samaki mkunje angali mbichi". Sawa, methali imesema mkunje, haikusema mvunje.

Tena tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kumtesa mnyama ni kosa. Hilo mtaani hulisikii.

Sasa kwa nini nimekuja na hili kwenu na siyo kwa mtu wa mifugo? Kwa sababu ya lile neno la mshkaji, "ni kama mwanafunzi tu." Muda si mrefu tunakwenda BTP. Tutapewa chaki na wengi wetu tutatafuta fimbo. Kanuni za viboko shuleni zinasema visizidi vinne, na mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa, lakini nani humu hakuwahi kuchapwa na mwalimu yeyote, idadi yoyote? Tumetoka huko tumejikunja, tukaambiwa tuna adabu. Sisemi mtoto ni mbwa. Nasema kama kipigo kimeshindwa kumfundisha hata mbwa, kwa mtoto tunakitegemea kwa lipi?

Hayawahusu yupo hai, ameshachanjwa. Nilipokuwa naondoka mama alishika ufagio afagie uani, akainuka akaenda kukaa mbali. Lakini asubuhi ile ile mtoto wa dada, bandeji bado mkononi, alimrushia ukoko kutoka mlangoni akamwita jina. Alikuja nusu ya njia. Nimewaachia maagizo nyumbani: akija, asipigwe.

Ni hayo tu kwa leo. Mshkaji wa jana najua unasoma, jioni tukutane kimbwetani, unieleze tena Pavlov.