Tusimchangie petroli kijana wa ndege

WIKI mbili zilizopita niliitwa nyuma ya nyumba moja hapa Ras Kamboni kwenda kutazama ndege. Nilidhani ni utani wa vijana. Nilipofika nilikuta chombo cha bomba za alumini, mabawa ya kitambaa cha tanga na injini ya bodaboda ya sisi 150, kimefungwa kamba kwenye mnazi kama punda ili upepo wa kusi usikichukue.

Aliyekiunda ni fundi wa pikipiki ambaye nilimfundisha miaka michache iliyopita. Nilimuuliza alipata wapi moyo wa kujaribu jambo kama hili, naye akanijibu bila kupepesa macho: "Ni wewe, Mwalimu. Wewe ndiye uliyetuambia kuwa injini ya akina Wright ilikuwa na nguvu za farasi 12. Hii nayo ni 12."

Nilinyamaza. Ni kweli, maneno hayo niliyasema darasani.

Ningeliacha jambo hili libaki kati yangu na mwanafunzi wangu, lakini limekwisha kutoka nje ya ua huo. Baadhi ya wafanyabiashara wa mpakani wameahidi kumchangia fedha anunue injini kubwa zaidi. Kuna warejea wenzangu walio na jamaa ng'ambo ambao wanazungumzia kuagiza vifaa. Hoja yao ni kwamba ndege ndogo itavuka kwenda Kiunga au kupanda hadi Kismayo bila kusubiri barabara, bila kusubiri bahari itulie na bila kusimama kwenye vizuizi.

Uchungu wao naufahamu. Mei 2023 serikali za Kenya na Somalia zilitangaza kuwa mpaka utafunguliwa kwa awamu, na kituo cha Kiunga na Ras Kamboni kikapewa siku 90. Julai mwaka huo huo Kenya ikatangaza kuahirisha kutokana na mashambulizi. Mtu aliyekwisha kukopa mtaji kwa kutegemea siku hizo 90 hawezi kulaumiwa akianza kuangalia juu.

Hata hivyo, mfanyabiashara ni mtu wa hesabu, na hesabu ya ndege hizi inajulikana. Nchini Marekani, ambako watu wengi hujiundia ndege nyumbani, chama chao cha EAA kilianzishwa mwaka 1953. Ndege ya watu wawili inayopendwa na waundaji wengi, aina ya Zenith CH 701, ina uzito wa kilo 260 na ushei ikiwa tupu, na hairuhusiwi kuzidi kilo 500 ikiruka. Toa rubani wa kilo 75. Toa petroli ya kwenda na kurudi. Toa redio, betri na kifaa cha dharura. Kinachobaki ni magunia mawili ya sukari, labda na nusu ya tatu ukibahatika.

Kutoka hapa hadi Kismayo ni yapata kilomita 180 kwa mstari ulionyooka. Injini inayotumika sana kwenye ndege hizo, Rotax 912, hunywa lita 15 hadi 20 kwa saa. Sasa nawauliza wenye maduka: ni nani atakayelipa nauli hiyo kwa magunia mawili, ilhali mashua ya kawaida inabeba tani kadhaa? Miraa ililipa gharama ya ndege kwa miaka mingi kwa kuwa ni nyepesi, ni ghali na inaharibika upesi, na hata hiyo ilibebwa na ndege za kiwandani kutoka Wilson zenye marubani wa leseni. Tena biashara yenyewe ilisimama tangu Machi 2020 hadi Julai 2022 kwa uamuzi wa Mogadishu.

Kwa hiyo suala la mizigo naliweka kando. Linalonikosesha usingizi ni roho ya kijana.

Ndugu Wright waliruka Desemba 17, 1903, na safari yao ya kwanza ilidumu sekunde 12, urefu wa mita 36 au 37. Mtu akisikia hivyo hudhani waliunda, wakawasha, wakaruka. Sikuwaeleza wanafunzi wangu vya kutosha yaliyotangulia. Walikuwa mafundi wa baiskeli kama alivyo huyu wa pikipiki, lakini kabla ya kuweka injini walikwenda kwenye ufuo wa mchanga wa Kitty Hawk mwaka hadi mwaka tangu 1900, wakiruka kwa chombo kisicho na injini. Mwaka 1901 walijenga sanduku la kupitishia upepo, wakapima humo maumbo ya mabawa madogo mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1902 pekee waliteleza hewani mamia ya mara, na ndipo walipojifunza kukigeuza chombo bila kukiangusha. Injini ilikuja mwisho. Na siku ile walisaidiwa na upepo mkali uliowavumia usoni.

Huyu wetu ameanza na injini.

Nilimuuliza atajuaje mwendo wake akiwa juu. Akanionyesha simu, na programu inayosoma setilaiti. Hapo nikaketi mchangani tukaanza somo, kwa sababu kosa hili peke yake linatosha kuua. Simu inapima mwendo wa ndege juu ya ardhi. Bawa halijui ardhi, linajua hewa inayopita juu yake. Tuseme bawa linahitaji kilomita 50 kwa saa ili libebe. Kijana anaruka kuelekea Kismayo, kusi inamsukuma mgongoni kwa kilomita 30. Simu inamwambia anakwenda 70, anafurahi, anapunguza moto. Kumbe hewa inayogusa bawa ni 40 tu. Bawa linapoteza nguvu ya kubeba, pua inaanguka, na kama yuko mita 30 kutoka chini hana nafasi ya kujikomboa.

Nahodha yeyote wa Chovai au Koyama anaelewa jambo hili kwa upande wa maji: kwenda na mkondo si sawa na kwenda dhidi yake, hata kama tanga ni lile lile. Ndiyo maana hata ndege duni kabisa huwekewa mrija mdogo unaoelekea mbele kupima hewa inayokuja, pamoja na kipima-mwinuko, dira, kibonge cha kuonyesha kama ndege inakwenda upande, na saa za injini za joto na shinikizo la mafuta. Si vifaa vya anasa. Mrija huo pamoja na saa yake ni chombo rahisi kuliko simu aliyokuwa ameishika.

Kisha nikamuuliza kitovu cha uzito kiko wapi. Alinionyesha kwa kidole, kwa kukisia. Hajakipima wala hana mizani. Mashua ikipakiwa vibaya nyuma inakwenda kwa shida, lakini bado inaelea na unaweza kusogeza magunia ukiwa baharini. Ndege iliyolemewa nyuma huinua pua yenyewe mara inapoacha ardhi, na usukani hauwezi kuishusha. Halafu kuna chumvi. Alumini na chuma vikigusana kwa boliti katika hewa ya hapa, kutu huanza ndani ya tundu mahali ambapo jicho halifiki. Baadhi ya boliti zake alizitoa kwenye pikipiki chakavu.

Naandika haya bila kumdharau. Sisi Wabajuni ni watu wa kuunda. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, ukasafiri bahari hii vizazi na vizazi. Lakini fundi wa mtepe hakuzaliwa anajua. Alikaa miaka chini ya fundi mwingine akishika kamba. Kijana huyu hana fundi wa kukaa chini yake, na kosa hilo ni letu.

Wala si yeye wa kwanza katika Afrika Mashariki. Huko Nyeri, nchini Kenya, Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, aliunda ndege kwa maarifa aliyoyatoa kwenye intaneti na kuifunga injini ya Toyota. Magazeti yakamwandika, watu wakajazana kutazama, ndege ikakimbia chini lakini haikupaa. Mjini Kampala, mwaka 2011, Chris Nsamba na vijana wa kujitolea walikuwa wakiunda ndege katika ua wa nyumba ya mamake. Injini ya gari pamoja na rejeta yake na gia za kupunguza mzunguko hupita kilo 100 kwa urahisi. Ile Rotax niliyoitaja ni kama 60. Watu hucheka ndege isipopaa. Mimi nasema afadhali isiyopaa kuliko inayopaa mita 20.

Hata huko Marekani, ambako sheria ni laini, chombo kidogo kisichohitaji leseni ni cha mtu mmoja, kisichozidi kilo 115 kikiwa tupu, petroli isiyozidi lita 19, na hakiruhusiwi kupita juu ya makazi ya watu. Ndege kubwa kuliko hiyo iliyoundwa nyumbani hukaguliwa, kisha hurushwa saa 25 hadi 40 za majaribio bila abiria, mahali pasipo watu. Na rubani wa leseni binafsi, kwa kiwango cha kimataifa, huwa ameruka saa 40. Kijana wetu ana saa sifuri.

Lakini tuseme ametimiza yote hayo. Bado kuna anga ya kwetu.

Mei 4, 2020, ndege ya mizigo ya African Express, iliyobeba vifaa vya kupambana na korona, ilitunguliwa ikikaribia Bardale na wanajeshi wa Ethiopia. Watu wote sita waliokuwamo walikufa. Maelezo yaliyotolewa na upande wa askari ni kwamba hawakuwa na habari ya ndege hiyo na, kwa jinsi ilivyoruka chini, walidhani inakuja kujilipua. Ile ilikuwa ndege ya injini mbili, yenye namba za usajili, redio na marubani wazoefu. Sasa fikiria chombo kisicho na namba wala redio kikitokea juu ya mikoko kuelekea kambi yoyote kati ya hapa na Manda, ambako Januari 5, 2020 Al-Shabaab waliteketeza ndege uwanjani na kuua Wamarekani watatu. Askari wa zamu hatauliza huyu ni mwanafunzi wa nani. Watu wa hapa hawahitaji kukumbushwa Januari 2007 na ndege za kivita za Marekani.

Na kibali ataomba wapi? Usimamizi wa anga ya Somalia ulikaa Nairobi chini ya Umoja wa Mataifa tangu 1996, ukarudishwa Mogadishu Desemba 2017. Tangu Januari 2023 anga ya juu imerejeshewa daraja la kuongozwa kikamilifu, jambo la kujivunia. Lakini hapa chini, Desemba 2024 majeshi ya serikali ya shirikisho na ya Jubaland yalipigana papa hapa Ras Kamboni. Akivuka upande wa Kenya bila usajili wala taarifa, huko nako ni kosa la jinai kabla hata ya kuulizwa amebeba nini. Wafanyabiashara mnaotaka kumchangia, mjue kuwa sukari yenu itakuwa ushahidi mahakamani.

Mzee mmoja aliniambia mbele ya vijana, "Mwalimu, wewe ulisoma ugenini ukarudi na woga." Sikumjibu, kwa heshima ya umri wake. Nilikulia katika kambi ya wakimbizi Mombasa, ndege zikipita juu ya mahema kuelekea uwanjani, na kila mtoto pale alisema atakuwa rubani. Sikumwona hata mmoja aliyeambiwa njia ya kufika huko inaanzia wapi. Tulipigiwa makofi tu.

Kuna kazi moja ambayo ndege ndogo inaifanya pwani hii kuliko chombo kingine chochote, nayo ni kumwahisha mgonjwa. Madaktari warukao wa AMREF walianza mwaka 1957, na mmoja wa waasisi wao, Michael Wood, alikuwa mpasuaji aliyejirushia ndege mwenyewe. Mama aliyekwama katika uchungu hapa Ras Kamboni haombi ndege ya kujiundia. Anahitaji uwanja uliosafishwa, wenye bendera ya upepo, mtu wa kufukuza mbuzi, na simu inayopokelewa Kismayo. Fedha za mchango zikienda huko nitatoa yangu ya kwanza. Viongozi wa Jubaland nao waulizwe uwanja, na waulizwe kila wanapokuja kutuomba tuwapokee kwa ngoma.

Kuhusu kijana, nimemwomba jambo moja na amekubali kwa shingo upande: injini itoke kwenye chombo na irudi kwenye pikipiki hadi tutakapomaliza kupima. Tutaanza na bawa dogo la mita moja, tulifunge juu ya mti ufuoni kusi ikivuma, tuone linavuta kilo ngapi kwa kila pembe. Nimeshaandika kwa watu ninaowafahamu Nairobi kuuliza masharti ya kujifunza ufundi wa ndege kwa kijana mwenye hati za urejeaji badala ya kitambulisho, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu hukwama kabla ya kufika kwenye karo.

Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri. Mwenye mizani ya kupimia magunia, ile ya kilo 200, namwomba atuazime kwa siku moja.