Baiskeli bila magari katika bonde la Venosta: sifa ziende kwanza kwa treni

Kaskazini mwa Italia, katika milima ya Alpi, kuna bonde linaloitwa Val Venosta kwa Kiitalia na Vinschgau kwa Kijerumani. Majina ni mawili kwa sababu wakaaji wake wengi wanasema Kijerumani: jimbo hilo, Tirol ya Kusini, lilikuwa la Austria mpaka vita vya kwanza vya dunia vilipomalizika. Msimu wa joto unapofika, watu wa kila umri wanapanda baiskeli Malles, karibu meta 1000 juu ya bahari, na kushuka mpaka Merano, mji ulio kwenye meta 325 tu. Ni kilometa kama 60, na karibu njia nzima magari hayaruhusiwi kupita.

Wenye nguvu zaidi wanaanzia juu, kwenye ziwa la Resia, pahali ambapo mnara wa kanisa unasimama peke yake katikati ya maji. Kijiji cha Curon kilizamishwa pale mwaka 1950 ili kupata umeme, na watu waliondolewa nyumbani kwao. Leo wageni wanapiga picha mbele ya mnara huo, kisha wanaendelea na safari yao. Wanapita Glorenza, mji mdogo uliozungukwa na ukuta wa zamani, na Lasa, kunakochimbwa mawe meupe ya marumaru. Baada ya hapo ni mashamba ya matofaa, mstari kwa mstari, kandokando ya mto Adige.

Kila anayeelezea njia hii anasifu mandhari. Ni sawa, lakini milima ilikuwepo siku zote, na haikumzuia mtu yeyote kugongwa na lori. Kilichobadilisha maisha ya bonde ni uamuzi wa watu, tena uamuzi uliohusu reli.

Reli ya Merano hadi Malles ilifunguliwa mwaka 1906. Mwaka 1990 shirika la reli la taifa liliifunga, kama reli nyingine nyingi ndogo za Ulaya zilivyofungwa wakati ule: abiria walikuwa wamehamia kwenye magari yao, na Roma haikuona faida. Kwa miaka 15 majani yaliota kati ya vyuma. Wengine walifikiri huo ndio mwisho. Serkali ya jimbo ilichukua reli hiyo mikononi mwake, ikatengeneza njia na vituo, ikanunua treni mpya, na mwezi wa tano mwaka 2005 abiria walipanda tena.

Faida ya treni hiyo kwa baiskeli ni rahisi kuelewa. Mtu anakodi baiskeli kwenye kituo cha Malles, anashuka polepole, anairudisha kwenye kituo kingine, kisha treni inampeleka alikotoka. Mtoto akichoka, mvua ikinyesha, goti la mzee likiuma, kituo hakiko mbali. Kama treni isingekuwepo, njia ile ingebaki ya vijana wenye mapaja ya chuma na ya matajiri wanaofuatwa na gari lenye mizigo. Mama mwenye watoto wawili anaweza kuitumia kwa sababu anajua atarudi.

Reli nayo si kitu kisicho na hatari. Tarehe 12 mwezi wa nne mwaka 2010, udongo uliporomoka juu ya treni kati ya Laces na Castelbello, na watu 9 wakafa. Maji ya kumwagilia mashamba yalikuwa yamevuja juu ya mteremko. Huzuni ilikuwa kubwa, lakini hakuna aliyetumia ajali ile kuifunga reli kwa mara ya pili. Treni zilirudi.

Lakini haifai kusema kwamba bonde limepona magari. Barabara kuu inayopita katikati ya vijiji bado imejaa, hasa siku za likizo. Njia ya baiskeli iliwatoa waendesha baiskeli barabarani; magari hayakuondoka. Wageni wengi wanafika kwa gari, baiskeli zimefungwa nyuma, wanaliegesha kwenye kituo, na jioni wanaliwasha tena. Mtu mwenye mashaka anaweza kusema kwamba baiskeli zilipelekwa kando ya mto ili magari yapite vizuri zaidi. Mtu huyo hajakosea kabisa.

Kuna pia jambo ambalo vitabu vya watalii havipendi kulisema. Sehemu kubwa ya njia hii ni njia ya mashamba, na trekta ya mkulima ina haki ya kupita. Matofaa ya Venosta yanapigwa dawa za kuua wadudu. Mgeni anapita katika harufu ile dakika chache. Wakaaji wanaivuta miezi mingi. Mwaka 2014 wanainchi wa Malles walipiga kura, na karibu robo tatu ya waliopiga walitaka dawa za kemikali zipigwe marufuku katika eneo lao. Wakulima wakubwa walipinga, jambo likafika mahakamani, na marufuku ile haikusimama. Jimbo linalouza hewa safi kwa wageni lingepaswa kuwasikiliza watu wa Malles kabla ya kuchapa matangazo mapya.

Ukitoka Glorenza kwa baiskeli, baada ya kilometa chache unafika mpaka wa Uswisi. Kule wanainchi waliitwa kupiga kura tarehe 23 mwezi wa tisa mwaka 2018, na 73,6 kwa mia walikubali njia za baiskeli ziandikwe katika Katiba. Sheria yake ilianza kutumika mwaka 2023: majimbo yamepewa miaka mitano kuchora mtandao wa njia, na mpaka mwaka 2042 kuujenga. Uswisi ina watu wanaopenda magari kama Italia. Lakini afisa wa jimbo ambaye hataki kujenga, sasa anapaswa kueleza kwa nini anavunja sheria. Hiyo ni nguvu ambayo njia ya Venosta, yenye sifa zake zote, haina.

Msomaji wa Goma, anayeona chukudu zikishuka na magunia ya makaa katikati ya malori, au yule wa Kasai anayewajua wanaume wanaosukuma baiskeli zenye mizigo kwa siku nyingi, anaweza kuona mambo haya ni starehe za wazungu. Starehe ipo, ni kweli. Lakini swali ni lile lile: mtu anayesafiri kwa nguvu za mwili wake ana haki ya sehemu gani ya barabara? Huku jibu ni mtaro wa maji. Venosta wamempa njia yake mwenyewe, ingawa walianza na mtalii, na mfanyakazi anayekwenda kazini alifuata baadaye.

Jaribio kubwa zaidi liko pembeni ya bonde. Kutoka Prato inapanda barabara ya Stelvio, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, yenye kona kali 48 mpaka meta 2757. Wakati wa joto ngurumo za pikipiki zinasikika kutoka mbali. Siku moja kwa mwaka barabara hiyo inafungwa kwa magari na pikipiki, na maelfu ya waendesha baiskeli wanapanda kwa utulivu. Wenye hoteli wanaogopa kwamba siku nyingi zaidi zitawafukuza wateja. Lakini siku hiyo moja vitanda vyao havibaki vitupu, na chini kule Malles treni ipo ya kuwaleta wageni bila magari yao. Jimbo lililofufua reli iliyokufa miaka 15 lina uwezo wa kujaribu kufunga Stelvio siku moja kila juma, kwa msimu mmoja, na kuhesabu wageni mwishoni.