Mwandishi, Shika Bisibisi!

Nataka kugombana na waandishi wenzangu, na wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Mwaka jana kompyuta yangu ya mezani, mtumba niliyoinunua kwa kudunduliza, iligoma kuwaka. Nikaifunga kwenye shuka, nikaibeba kutoka chumbani kwetu Gerezani, nikapita nayo Msimbazi mpaka kwa fundi mmoja Kariakoo. Siku ya tatu akaniambia: “Dogo, pawasaplai ilikufa, nimeweka nyingine. Halafu nimekupigia Windows mpya, hiyo ofa.” Nikamwambia asante, kaka. Kumbe nashukuru msiba! Kufika nyumbani, riwaya yangu ya kurasa 214, usiku wa miaka mitatu, haipo. Mahali pake zimejaa filamu. Nazo ofa.

Nauliza: pawasaplai na hadi diski wapi na wapi? Mtu akivunjika mguu, hospitali wanamfuta kumbukumbu? Pawasaplai hugawa umeme. Hadi diski hutunza maandishi. Fundi angeweza kupima umeme, memori na kioo bila diski yangu kuwepo, hata kuiwasha mashine kwa flashi yake. Lakini mtaani kila ugonjwa dawa yake ni kupiga Windows.

Fundi alikosa kuuliza. Mimi nilikosa zaidi, kwa sababu nilimpa mswada wangu bila kujua kwamba ninampa. Sisi tuliomaliza kidato cha nne tukajiita waandishi tuna maringo: eti kalamu ni yetu, bisibisi ni ya wengine. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile iliondoka zamani, ila vichwani mwetu bado ipo. Mashine tunayo mezani, kuifungua tunaogopa kama kaburi.

Kuna ugumu gani? Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza swichi ya kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa kasha. Gusa chuma chake, umeme wa mwilini utoke. Hadi diski ya kompyuta nyingi za mezani ni kibati cha ukubwa wa kitabu kidogo, kina skrubu nne na nyaya mbili: wa umeme na wa taarifa. Shika vichwa vya nyaya, usivute nyaya zenyewe. Kishike pembeni, usikidondoshe. Ndani mna sahani zinazozunguka. Kiweke kwenye boksi kavu, fungia kabatini, na fundi mpelekee kasha lililobaki. Wakati wa kurudisha, zile nyaya huingia upande mmoja tu. Zikikataa, geuza, usilazimishe.

Mtasema: si uweke nakala? Weka, bwana! Tena laptop nyingine za siku hizi hifadhi yake imegandishwa kwenye bodi, haichomoki, hapo nakala ndiyo pona yako. Lakini nakala yangu iliishia sura ya pili; bando lilikata, flashi ikaazimwa.

Mtasema ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ipo, na ilianza kutumika Mei 2023. Sheria inaweza kumwajibisha mtu. Kuniandikia sura ya tisa haiwezi.

Na kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Kufomati kwa haraka hufuta orodha ya yaliyomo, si kurasa zenyewe; kurasa hufa zinapoandikwa mapya juu yake. Filamu zilishaua nyingi. Ningeichomoa diski siku ile ile, pengine mtaalamu angeokota hata sura moja. Mimi nikaendelea kuitumia wiki nzima, nikiangalia filamu za ofa kwa hasira.

Sasa naandika upya, niko sura ya nne. Bisibisi ya nyota inakaa kopo moja na kalamu zangu. Ndugu msomaji, kama una mswada ndani ya mashine, usingoje igome. Ifungue leo, uijue diski yako inakaa wapi.