TUFUNGUE MABANDA YETU KABLA YA MASIKA

Ndugu wanaushirika, na wanakijiji wote wa Magomeni mnaosoma ubao huu,

Kwa wiki kadhaa sasa, kilabuni, bombani na hata nje ya ofisi yetu, mazungumzo ni yale yale: vifaranga vya mradi vinakufa. Wako wanaosema ni kideri. Wako wanaosema eti ni jicho la watu. Na wengine wamekwisha toa hukumu: mtunza banda ni mzembe, afukuzwe. Tahariri hii inasema kabla ya kumfukuza mtu, tuingie bandani alfajiri, tuguse ukuta.

Ukuta umelowa. Mabati yanadondosha maji na wala mvua haijanyesha. Pumba za chini zimeshikana kama ugali uliolala, na pembeni zimeota ukungu mweupe na wa kijani. Harufu inachoma macho. Sasa je, maji hayo yametoka wapi?

Yametoka kwa kuku wenyewe. Kuku mkubwa mmoja hunywa kama robo lita kwa siku, na siku za joto huzidisha. Kuku mia moja wanamaliza zaidi ya ndoo moja ya lita 20 kila siku. Maji hayo hayapotei. Mengi yanarudi bandani kwa kinyesi na kwa pumzi. Banda lenye hewa huyatoa nje. Banda lililozibwa huyaweka ndani, usiku yanapanda kwenye bati baridi, asubuhi yanadondoka juu ya vifaranga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi kwenye mabanda tumeziba mno! Madirisha tumeyatia viroba, nafasi ya juu tumeisokomeza maturubai. Sababu tunazijua, ni mbili: tunaogopa mwizi na kicheche, na tunaogopa baridi ya kifaranga. Hofu zote mbili ni za kweli, hatuzidharau. Lakini mwizi huondoka na kuku watano, ukungu huondoka na banda zima. Dawa ya mwizi na kicheche ni wavu wa chuma na kufuli, siyo kiroba. Na kifaranga anahitaji joto, lakini hewa pia anaihitaji. Joto litoke kwenye taa au jiko, na hewa iingie kwa juu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kabisa huua kifaranga kama linavyoua mtu.

Tuelewane juu ya maradhi yenyewe, maana tukitaja ugonjwa siyo, tutanunua dawa siyo.

Kwanza, ukungu wa kwenye pumba ukikauka hutoa vumbi jepesi. Kifaranga akilivuta, kuvu inaota ndani ya mapafu yake. Utamwona ametanua mdomo, anahema kwa shida. Hapo hakuna dawa ya maana ya kumponya. Kinga ndiyo dawa.

Pili, kuhara damu. Vijidudu vya ugonjwa huu hutoka na kinyesi, na hupata nguvu ya kuambukiza vikikuta joto na unyevu. Pumba kavu huvipunguza sana. Ugonjwa huu una dawa, muone afisa mifugo mapema, usingoje wafe kumi.

Tatu, ile harufu kali. Ni hewa ya kinyesi kilicholowa. Inachubua macho na koo la kuku, na magonjwa mengine yanapata mlango.

Kideri ni jambo la nne na liko mbali na haya. Hakiangalii banda kavu wala bichi. Kinga yake ni chanjo, ile ya tone la jichoni kila baada ya miezi mitatu. Basi tuchanje, na bado tukaushe banda. Moja halifuti jingine.

Tukitoka bandani tuingie ghalani, maana huko kuna jambo zito zaidi. Imekuwa desturi yetu mahindi yakiota ukungu tunasema, "Haya mpe kuku." Jamani, desturi hii iishe. Kuna kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga na kutoa sumu, nayo tunaiita sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Ndipo wataalamu wakaanza kuifahamu. Wala tusiseme ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2004 nchini Kenya, Makueni na Kitui ndiko kulikoumia zaidi, watu 125 walikufa kwa mahindi. Mwaka 2016 hapa kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na wakafa 20. Dodoma ni majirani zetu, reli inapita hapa Kilosa kwenda huko.

Kuku aliyelishwa sumu hiyo kidogo kidogo hafi siku ile. Anadumaa, mayai yanapungua, ini linaharibika, na chanjo haimshiki vizuri. Na sumu yaweza kupita kwenye maini na mayai, ikarudi mezani kwako. Kupika hakuiondoi. Kuchanganya debe bovu na madebe mazuri hakuiondoi, ni kuyaharibu mazuri. Mahindi yenye ukungu yasiliwe na mtu, yasiliwe na kuku, yasiuzwe kwa jirani.

Kupima kama mahindi yamekauka hakutaki mashine. Chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, acha dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani, juu ya turubai siyo juu ya udongo. Na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kwa mabanda, tahariri inapendekeza kazi hizi zifanyike kabla ya mvua za Machi:

1. Kuta ndefu zibomolewe zibaki kimo cha kiuno, juu yake uwekwe wavu hadi karibu na paa. Mapazia ya viroba yatundikwe, yateremshwe upande wa mvua na upepo tu, na juu pabaki wazi.

2. Pumba zote zenye ukungu zitolewe, zichomwe au zifukiwe mbali. Anayefanya kazi hiyo ajifunge kitambaa puani na anyunyize maji kwanza, maana vumbi lile halimwachi na mtu. Banda lioshwe, lipakwe chokaa, likauke kabisa ndipo kuku warudi.

3. Maranda au pumba mpya ziwekwe kina cha vidole vinne, zigeuzwe mara kwa mara. Finyanga konzi moja: ikibaki donge, imelowa, toa, ikisambaratika, ni salama.

4. Vyombo vya maji viinuliwe juu ya matofali, usawa wa mgongo wa kuku. Pale ndipo panapoanzia kulowa.

5. Mifereji ichimbwe, na banda jipya lijengwe juu ya kifusi. Hatujasahau Mto Mkondoa ulivyofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukabomoa nyumba na kukata reli. Ardhi yetu ya bondeni inashika maji, na unyevu hupanda kutoka chini.

Tunajua swali litakaloulizwa mkutanoni: fedha ya wavu itoke wapi? Wako watakaotaka faida ya msimu igawanywe yote. Tunasema wazi: sehemu ya faida inunue wavu kwanza. Ukigawana leo fedha ya wavu, mwakani hakutakuwa na kuku wa kugawana. Kubomoa kuta, kuchimba mifereji na kupaka chokaa hakuhitaji fedha, kunahitaji mikono. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vikundi vilivyosikiliza redio pamoja kisha vikaenda kuchimba vyoo. Kusikiliza peke yake hakukuchimba choo hata kimoja.

Na yule mtunza banda? Tukimfukuza leo na kumweka mwingine, huyo mpya atarithi viroba vile vile na ukungu ule ule. Viroba tuliweka sisi, kwa azimio letu. Tuvitoe kwanza, tumpe banda linalopumua, kisha tumdai kazi.

Mwenye jembe aje na jembe, mwenye nyundo aje na nyundo.

Mhariri.