LIKIZO YA JAMAA: Ngoma ya Mwata na Ufuko wa Ziwa Mweru

Likizo ya askari ni fupi, na mara nyingi humalizikia njiani. Siku mbili huenda kwa wazazi, siku tatu kwa wakwe, nyingine kwa msiba uliotokea alipokuwa lindoni, na kabla hajapumzika siku ya kurudi kazini imewadia. Watoto humwona baba akifungua kamba za viatu, kisha humwona akizifunga tena. Kwa hiyo jamaa inayoweza kujiwekea akiba kidogo kidogo kwa mwaka mzima, yafaa ifikirie safari moja ya pamoja, hata ikiwa ni ya siku chache tu. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Juma hili safari inaelekea Nchelenge, katika Jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia. Huko watu huenda kuona ziwa, nao hurudi wakisimulia ngoma.

Ziwa na miji yake

Nchelenge upo kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, bega kwa bega na mji wa Kashikishi. Ziwa hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5,000. Mto Luapula huingia kwa kusini, na mto Luvua hutoka kwa kaskazini, karibu na Pweto, kupeleka maji yake katika mto mkubwa wa Kongo. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, nchi ya Katanga, na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kilwa na Pweto huja na Kiswahili chao. Lugha ya wenyeji ni Kibemba, lakini msafiri wa Afrika Mashariki asiyekijua hatakosa wa kumwelewa sokoni.

Asubuhi mchanga wa ufuko hung'aa kwa chisense, samaki wadogo mithili ya dagaa, walioanikwa juani. Mama wa nyumbani atawatambua mara moja. Huoshwa, hukaangwa kwa kitunguu na nyanya, na huliwa kwa ubwali wa mihogo, ambao ndio chakula kikuu cha nchi hiyo. Jioni muziki husikika. Luapula ni miongoni mwa makwao ya kalindula, muziki uliopewa jina la chombo cha nyuzi cha sauti nzito ambacho vijana walikuwa wakikitengeneza wenyewe nyumbani. Katika miaka ya 1970, Rais Kenneth Kaunda alipoagiza redio ya taifa ipige zaidi nyimbo za Wazambia, bendi zilipata nafasi, na miaka ya 1980 kalindula ikawa muziki wa taifa zima.

Mji wa Mwata

Hata hivyo, asili ya ngoma ya nchi hiyo haiko katika baa. Iko Mwansabombwe, kusini ya Nchelenge kwa barabara hiyo hiyo ya bonde la Luapula. Huo ndio mji wa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Julai, maelfu ya watu hukusanyika hapo kwa sherehe ya Mutomboko. Sura yake ya leo ilianza kujengeka wakati wa Mwata Kazembe wa 17, Paul Kanyembo Lutaba, aliyetawazwa mwaka 1961, lakini ngoma yenyewe ni ya zamani sana. Ni ngoma ya ushindi, ya watu waliotoka magharibi, wakavuka mito na kujipatia nchi.

Wazee husimulia kwamba katika safari hizo Chinyanta alimpasha Mwata Yamvo, mfalme mkuu wa Walunda, habari za machimbo ya chumvi yaliyokuwa yamefichwa na Mutanda. Mutanda alikasirika, akamkamata Chinyanta pamoja na ndugu yake Kasombola, akawazamisha wote wawili mtoni. Mwata Yamvo akampa cheo mwana wa Chinyanta, Ng'anga Bilonda, naye akawa Kazembe wa kwanza. Ndiyo maana siku ya Mutomboko, kabla ya shangwe zote, Mwata hushuka hadi mto Ng'ona na kutupa majini chakula na kinywaji kwa ajili ya wale ndugu wawili. Askari atakayesimama ukingoni hapo hatahitaji kufasiriwa. Naye anajua maana ya kuwakumbuka wenzake kwanza, kisha ndipo gwaride lianze.

Baadaye Mwata hubebwa katika machela hadi uwanjani. Huvaa taji la shanga na manyoya mekundu, na mukonso, vazi la nguo nyingi zilizokunjwa kiunoni. Hucheza akiwa na shoka na upanga mikononi. Mwishoni huuelekeza upanga mbinguni, kisha ardhini. Maana yake yaelezwa hivi: aliye juu yake ni Mungu peke yake, na kitakachomshinda ni udongo utakaomzika.

Dola hiyo ilijulikana mbali. Mwaka 1798 msafara wa Wareno chini ya Lacerda ulifika huko, na mkuu wake akafia karibu na mji wa Mwata. Livingstone alifika mwaka 1867, akamkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiliwa huko kwa miaka mingi. Baadaye Mohamed akapata njia ya kurudi Ujiji. Pembe, shaba na chumvi ziliifungua njia hiyo, na watumwa nao walipitishwa humo. Historia ya Waswahili wa bara haikamiliki bila ya mji huo.

Ngoma inayosema

Miongoni mwa ngoma za Mwata, wazazi na wawaoneshe watoto iitwayo mondo. Haina ngozi. Ni gogo lililochongwa na kutobolewa ndani kupitia mwanya mwembamba, na kingo mbili za mwanya hutoa sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa kuwa lugha nyingi za Kibantu hupanda na kushuka kwa sauti, mpigaji hodari huweza kuifuata sentensi nzima kwa fimbo zake. Mondo huita majina ya sifa ya wafalme, mmoja baada ya mwingine, na mwenye kuifahamu huisikia kama mtu asikiavyo salamu.

Lakini hapo ndipo penye huzuni ya sherehe hiyo. Kwa vizazi vingi Walunda wa Kazembe wamekuwa wakizungumza Kibemba nyumbani na sokoni. Sifa za wafalme zimebaki katika Kilunda na Kiluba cha kale. Uwanja mzima husimama na kushangilia, na wachache tu katika uwanja huo huelewa kilichosemwa. Mwaka 1962 Jacques Chileya Chiwale alizichapisha sifa hizo pamoja na maana zake, na kazi hiyo imeokoa mengi. Hata hivyo kitabu hakimfundishi kijana namna ya kuikamata fimbo. Mpigaji akiondoka bila mwanafunzi, gogo hubaki gogo.

Wenyeji wa ziwa wameshauona mfano wake. Zamani palikuwa na samaki aitwaye mpumbu, aliyepanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Alivuliwa bila kipimo palepale njiani mwake, na kufikia mwaka wa 1950 hivi uvuvi huo ulikuwa umeporomoka. Kila aliyetupa wavu alidhani wengine ndio watakaobakiza. Siku hizi serikali ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na mgeni hana budi kuiheshimu amri hiyo.

Mengine ya kutazama

Mto ule ule wa Ng'ona, kabla haujafika mji wa Mwata, huanguka katika maporomoko ya Ntumbachushi, magharibi ya Kawambwa. Ni mahali pa kufungua kapu la chakula na kuketi kutwa. Mwenye siku ya ziada aende Lumangwe, kwenye mto Kalungwishi, ambako maji huanguka kwa upana kama pazia. Karibu na Mwansabombwe pako Mbereshi, misheni ya mwaka 1900, ambako Mabel Shaw alianzisha shule ya wasichana mwaka 1915. Mwenye binti asiipite.

Shauri kwa jamaa

Kutoka Tanzania, njia ya barabara hupita Tunduma na Nakonde hadi Kasama, kisha Luwingu na Mansa, na kutoka hapo hufuata bonde kuelekea kaskazini. Askari asisahau kibali cha kutoka nje ya nchi, na sare aiache nyumbani. Ng'ambo ya ziwa imepata vita. Mwaka 2000, mapigano yalipofika Pweto, maelfu ya raia walivuka kuingia Zambia. Wengine walikimbia tena mwaka 2017, na makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya ya Nchelenge ili kuwapokea. Mtu aliyewahi kukimbia bunduki hafurahi kuiona sare asiyoijua.

Malaria ni nyingi mno katika wilaya hiyo, kwa hiyo vyandarua visikose mzigoni, na mtoto mwenye homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maji ya ufuko yana kichocho, na mamba hawako mbali. Watoto wacheze mchangani, waogee maji ya ndoo. Anayetaka kuvuka kwenda kisiwa cha Kilwa asipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama nauli yake ni rahisi. Usiku wa Julai una baridi, basi masweta yachukuliwe. Mbele ya Mwata wenyeji hupiga magoti na kupiga makofi taratibu. Mgeni afuate wafanyavyo, na picha aombe ruhusa kwanza.

Jamaa ikirudi nyumbani, mtoto huenda akauliza jambo moja: ngoma ya babu yake kule kijijini, nayo ilikuwa ikisema nini? Baba asimkatize kwa kuwa hajui. Likizo ijayo, siku zile mbili za kwa wazazi zisiishie katika salamu na chakula. Mzee aketishwe, fimbo ashike yeye, na mtoto asogezwe karibu. Mwacha asili ni mtumwa.