Magimbi nayo yahesabiwe

Ramadhani ikikaribia, magimbi na viazi vikuu hupanda hadhi ghafla. Mafungu yaliyokuwa pembeni ya genge, udongo ungali umegandia kwenye maganda, huletwa mbele, na bei hupanda nayo. Kwa wengi wa Pwani na Visiwani, ambako magimbi huitwa majimbi, futari isiyo na gimbi la nazi haijatimia. Mfungo ukiisha, tunayasahau.

Wenye mamlaka nao huyasahau kwa namna yao. Muhogo na viazi vitamu vina watafiti na mbegu zilizoboreshwa. Magimbi hayana bahati hiyo. Hata katika mizania ya chakula ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), huingizwa kwenye mstari wa “mizizi mingine”, kapu la kila kisicho na mwenyewe. Nani basi atajua kama ugavi wa ndani unapanda au unashuka?

Na si suala la karatasi tu. Gimbi hukaa ardhini miezi 6 hadi mwaka mzima, hupenda bonde lenye unyevu, na mbegu yake ni machipukizi wanayopeana majirani. Mabonde hayo hayo yanagombewa na mpunga, mboga na, mijini, nyumba. Ramadhani nayo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mvua hazisogei nayo, wala mavuno.

Tunaziomba wizara za kilimo, Bara na Visiwani, zianze na jambo dogo: maafisa ugani wayaandike magimbi na viazi vikuu kwa majina yake, wilaya kwa wilaya, kabla ya msimu ujao wa kupanda.